Wimbo wa kijiji ukifika sokoni, unabaki wa asili? Tuseme ukweli, watu wa Lubumbashi

#1 Mtoto wa Katuba
Jambo kwenu wote.

Jumamosi nilikuwa kwenye ndoa ya binti wa mama mkubwa, hapa Katuba. Mchana walikuja vijana wa karindula, ile banjo ya pipa la mafuta, watano, wakapiga karibu saa mbili bila kupumzika, mama zetu wakiwabandika franga kwenye vipaji vya nyuso. Jioni mwenye mikrofoni akatangaza, "Sasa tunaingia kwenye muziki wa asili." Akaweka wimbo kutoka kwenye simu: sauti ya mama anaimba Kiluba juu ya kinanda cha umeme na ngoma za kompyuta.

Mzee aliyekaa karibu nami, upande wa baba wa bibi harusi, aliweka chini kikombe chake cha munkoyo akasema: "Wimbo ni wetu. Ngoma si yetu. Hiyo wameipeleka sokoni." Nikamuuliza, na karindula je? Akajibu: "Nayo ni ya soko, ila soko lake liko hapa nyumbani."

Leo ni siku ya nne nalizungusha neno hilo kichwani. Mpaka wenyewe uko wapi? Nianze mimi kwa kutupa jiwe: Mwenda Jean-Bosco, ambaye kila mgeni anayefika hapa anamtaja kama muziki wa asili wa Katanga, hakuwa wa asili. Alikuwa kijana wa mjini mwenye gitaa la dukani, akarekodi santuri za kuuza hapa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1953. Nipingeni.

#2 Ngitare Kavu
Nakupinga kwenye tarehe kwanza. Ni 1952, na si hapa, ni Jadotville, yaani Likasi. Hugh Tracey alikuwa akizunguka na mashine yake ya kurekodi, akamkuta Bosco na gitaa, wakarekodi "Masanga" na nyimbo nyingine. Mwaka huohuo "Masanga" ikapata tuzo ya African Music Society.

Sasa angalia jambo lenyewe. Tracey alikuwa mtafiti, akiogopa kwamba nyimbo za zamani zitapotea. Lakini rekodi zake zilitoka kwa Gallo wa Afrika Kusini, kampuni ya kuuza santuri. Siku ileile, mashine ileile, wimbo uleule: upande mmoja ni hifadhi, upande wa pili ni bidhaa. Kwa hiyo ukiniuliza Bosco alikuwa wa asili au wa soko, nakuuliza unamtazama kutoka upande gani wa ile mashine.

#3 Shangazi wa Kamalondo
Ninyi mnapenda kuzungusha. Mpaka ni pesa. Ukipiga ili ulipwe ni biashara, ukipiga kwa sababu mtoto amezaliwa ni asili. Basi.

#4 Bunkeya Moja
Shangazi, kwa heshima, hapo hapana. Mimi ni mtoto wa Bunkeya. Mpiga ngoma wa mwami hakupiga bure hata siku moja. Alipewa shamba, alipewa nyama, watu wakijua kabisa sehemu yake ya mnyama ni ipi. Usipompa, jina lako lilikuwa linaimbwa vibaya mbele ya watu. Hayo ni malipo, tena malipo makali kuliko bahasha ya leo. Na hadi sasa kwenye sherehe ya 20 Desemba, siku tunayomkumbuka mfalme wetu Msiri aliyeuawa mwaka 1891, hakuna anayepiga ngoma ya mwami akarudi nyumbani mikono mitupu.

Huyo Bosco mnayemwita kijana wa mjini alizaliwa Bunkeya, mwaka 1930, na jina lake kamili ni Mwenda wa Bayeke. Mwenda ni jina la ukoo wa Msiri mwenyewe. Msimtoe kijijini haraka hivyo.

#5 Mnyamwezi wa Tabora
Wakuu, napita tu kutoka Tanzania. Msiri si alitoka huku kwetu Unyamwezi? Basi Bosco ni wetu pia, mtugawie kidogo.

#6 Bunkeya Moja
@Mnyamwezi wa Tabora karibu nyumbani. Bayeke walikuja kufuata shaba na pembe za ndovu, wakabaki. Bibi yangu akiimba za zamani kuna maneno ambayo sisi wajukuu hatuyajui, labda ninyi mngeyatambua. Lakini Bosco hatutoi.

#7 Mwalimu Mstaafu
Habari za wakati huu. Nimefundisha miaka thelathini na miwili, sehemu kubwa kwenye shule za kambi za wachimbaji. Naona mnagawa vitu viwili tu, asili na soko. Mmesahau cha tatu, nacho ndicho kilichotubadilisha sisi wa umri wangu: ngoma ya serikali.

Baada ya nchi kuitwa Zaire mwaka 1971, ikaja siasa ya kurudi kwenye uasilia. Majina ya ubatizo yakaondolewa, tai ikavuliwa, na sisi wanafunzi tukaanza kucheza "animation". Tulikuwa tunapanga mistari uwanjani kabla ya masomo, kitambaa kiunoni, tunaimba. Nyimbo zenyewe nilizijua! Kulikuwa na moja ya kutwanga mihogo ambayo bibi alikuwa anaiimba mchi ukipanda na kushuka. Mdundo ulikuwa uleule, na mahali pa kuvuta pumzi palikuwa palepale. Ila pale bibi alipokuwa akitaja jina la mke-mwenza aliyechelewa kuleta maji, sisi tulitaja jina la Guide, yaani Mobutu.

Hakuna aliyeinunua wala kuiuza ile ngoma. Ilikuwa na ngozi, majani, miguu mitupu, kila kitu ambacho mgeni angekiita asili. Nami nawaambia, sijawahi kucheza ngoma iliyokuwa mbali na asili kama ile.

#8 Ngitare Kavu
Papa Mwalimu, aksanti. Hilo la jina nitalirudia, linanikumbusha mabanga, ile ya kulipia jina lako litajwe kwenye wimbo.

#9 Kijana wa Ruashi
Mabanga ni bei gani siku hizi? Kuna mtu kwenye mtaa wetu alitajwa kwenye wimbo sekunde tatu, tangu hapo hasalimii.

#10 Fundi Sauti
Mimi nina studio ndogo Kampemba, kazi yangu ni hii kila siku, kwa hiyo niruhusuni nieleze kwa urefu.

Kwa maoni yangu mpaka hauko kwenye pesa wala kwenye kijiji. Uko kwenye dakika. Santuri za zamani, zile za mizunguko 78, upande mmoja ulibeba kama dakika tatu. Wimbo wa ngoma hauna dakika tatu. Unaanza watu wakiwa wamekaa, unapanda, mtu anaingia katikati ya duara, anatoka, mwingine anaingia, unaisha miguu ikichoka. Ukiukata dakika tatu umetengeneza kitu kingine, hata kama kila neno ni la babu.

Mwaka juzi kijana mmoja alileta mama watatu kutoka upande wa Kasenga, anataka kurekodi nyimbo zao ili aweke kinanda. Nikawavalisha headphone, nikawapa mdundo wa kuhesabu, tik-tik-tik. Mama mkubwa akaimba mstari mmoja, akanyamaza. Nikarudisha. Akaimba mstari mmoja, akanyamaza tena. Nikadhani amesahau. Kumbe alikuwa anangoja kuitikiwa. Wenzake walikuwa nyuma ya kioo kwa sababu niliwatenganisha ili sauti zisichanganyike, na kwenye headphone yake kulikuwa na tik-tik tu.

Nikavua vyote. Nikawaweka chumba kimoja, mikrofoni moja katikati, nikawaita wasichana wawili waliokuwa wanauza maji nje waje wapige makofi. Waliimba dakika ishirini na mbili. Mama mkubwa alipoanza kucheza mikrofoni ikawa inachukua vishindo vya miguu kuliko sauti.

Yule kijana alitaka dakika tatu na sekunde arobaini. Nilimkatia. Ilikwenda vizuri, watu wanaicheza kwenye ndoa. Lakini zile dakika ishirini na mbili ninazo bado, na sijawahi kuzifuta hata nilipokosa nafasi kwenye kompyuta.

#11 Mtoto wa Katuba
@Fundi Sauti, umenigusa. Lakini sasa swali: hizo dakika 22 zilirekodiwa studio, kwa mikrofoni, wamelipwa nauli na chakula. Bado ni za asili?

#12 Fundi Sauti
Sijui niziite nini. Najua tu kwamba kwenye zile dakika 22 mama alikuwa anamwimbia mtu. Kwenye ile ya dakika tatu anaimba peke yake, wenzake nimewaweka mimi baadaye kwa kunakili.

#13 Wa Ndola
Jambo kutoka ng'ambo ya mpaka. Mmesahau Kalela. Kwenye migodi ya Copperbelt miaka ya 1950, Jumapili na sikukuu, vijana wachimbaji walikuwa wanacheza ngoma wakiwa wamevaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Mtaalamu aitwaye Clyde Mitchell aliiandika, kitabu kikatoka 1956. Kikundi alichokifuata pale Luanshya kilikuwa cha Babisa. Kulikuwa na "mfalme", kulikuwa na "daktari" amevaa nguo nyeupe yenye msalaba mwekundu. Nyimbo zilisifu nyumbani kwao na kutania makabila mengine ya mjini.

Hiyo mtaiweka wapi? Kijijini haikuchezwa hivyo, ilitoka kambini. Haikuuzwa. Ilikuwa mpya kabisa, na walioicheza walikuwa wanasema hii ni ngoma ya kwetu.

#14 Mtoto wa Kenya (komini, si nchi)
Ndiyo maana nawaambia kila siku, mji wetu hauna "asili" ya namna mnayoitafuta. Elisabethville ilianza 1910, reli ilipofika. Union Minière, kampuni ya migodi, ilileta watu kutoka Kasai, Rhodesia, Maniema, Ruanda. Kila mmoja alikuja na ngoma yake, akakuta jirani ana nyingine, na ukuta kati ya nyumba ni mwembamba. Kwenye komini yetu ya Kenya walitoka Jecoke, wakicheza sarakasi, gitaa na vichekesho. Babu yangu aliwaona kwa macho yake. Alisema mtu wa kwanza kucheza vile alikuwa ameona sinema ya wazungu, wa pili alikuwa amemwona wa kwanza, na wa kumi alikuwa anasema amefundishwa na baba yake. Miaka mingapi? Haikufika ishirini.

Asili huanza hivyo. Mtu anaiga, mtoto wake anarithi.

#15 Otieno wa Kisumu
Kama ni Kenya nchi, mimi hapa. Bosco alikuja Nairobi na binamu yake Edouard Masengo, na walibadilisha gitaa letu lote. Vidole viwili, gumba na cha shahada, wapigaji wetu wa magharibi walijifunza kwa kusikiliza redio. Na kwa taarifa yenu, wakiwa Nairobi walikuwa wanafanya matangazo ya biashara. Bosco wa Aspro, Masengo wa Coca-Cola. Zaidi ya hapo sokoni utaenda wapi? Lakini kwetu vijijini mzee akipiga mtindo ule leo, na chupa ya soda ikikwaruzwa pembeni, watu wanasema "hii ndiyo ya zamani, ya asili."

#16 Mtoto wa Katuba
Aspro? Ile ya kichwa? Hiyo sikuijua. Basi nimeshinda hoja yangu.

#17 Ngitare Kavu
Hujashinda. Mwaka 1969 huyohuyo wa Aspro alialikwa Marekani kwenye tamasha la Newport, tamasha la muziki wa watu. Kwa hiyo Nairobi alikuwa wa biashara, Newport akawa wa asili, na vidole ni vilevile. Nimekaa na gitaa miaka mingi nikijaribu "Masanga". Gumba linatembea chini kama mtu mzima anayekwenda kazini, cha shahada kinaruka juu kama mtoto anayemfuata. Ukisikiliza unadhani ni magitaa mawili. Mtu akikufundisha, hakufundishi noti, anashika gumba lako na kulipigisha. Mimi nilishikwa gumba na mjomba wangu, naye alishikwa na mtu wa Likasi. Hiyo njia ya gumba kwa gumba kwangu ndiyo asili, hata kama santuri zake ziliuzwa mpaka Nairobi.

#18 Kijana wa Ruashi
Na "masanga" maana yake ni pombe, si ndiyo? Wimbo wa ulevi unapewa tuzo.

#19 Shangazi wa Kamalondo
Pombe ni kwa Kilingala, mtoto. Hapa kwetu masanganjia ni njia panda. Kijana wa siku hizi kila kitu anakisikia kwa sikio la Kinshasa.

#20 Kijana wa Ruashi
Shangazi, nakubali fimbo. Lakini mjomba wangu wa Likasi naye anasema pombe.

#21 Shangazi wa Kamalondo
Mjomba wako alikuwa ameshakunywa.

#22 Mama wa Vilio
Nilikuwa nasoma tu, nimeona niandike.

Mimi ninaimba kwenye vilio. Si kazi, ni kitu nilichoachiwa na mama. Mtu akifa mtaani wananiita, ninaenda, usiku wote. Wimbo wa kilio una mahali pa wazi. Pale unaweka jina la marehemu, jina la baba yake, mto wa kwao, na kitu kimoja alichokuwa anapenda. Kwa hiyo kabla sijaanza nauliza familia: alipenda nini? Wengine wanasema alipenda kuvuta tumbako akiangalia mvua. Wengine wanasema alipenda kiti chake kisiguswe na mtu yeyote isipokuwa watoto. Naiweka. Wakisikia hilo ndipo wanalia vizuri, na mtu akilia vizuri anapona.

Siku moja kijana alikuja kilioni na simu, akarekodi. Sikumkataza, kila mtu ana simu. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa sokoni Kenya, ikapita gari ya matangazo yenye spika kubwa juu, bidhaa nisiyopenda kuitaja. Nikasikia sauti yangu. Wimbo wa mama. Mdundo wameuharakisha, na pale mahali pa jina wameweka jina la bidhaa.

Niliweka chini mfuko wa bukari. Muuza mboga akaniuliza, mama, umepatwa na nini? Nikashindwa kumweleza. Watu wengine wanafikiri nilikasirika kwa sababu sikulipwa. Wangenilipa ingekuwa afadhali, sitaki kudanganya, nina watoto. Lakini usiku ule niliokuwa nikirekodiwa, pale mahali pa wazi palikuwa na jina la mtoto wa miaka sita. Na wao walimtoa pale wakaweka kitu cha kuuza.

Hapo ndipo mpaka ulipo, kwangu mimi.

#23 Mtoto wa Katuba
Mama, pole sana. Pole.

#24 Bunkeya Moja
Pole mama yangu.

#25 Ngitare Kavu
Pole, Mama. Nilisema nitarudi kwenye jina, na wewe umelisema kuliko vile ningeweza. Tazameni: bibi wa Papa Mwalimu aliweka jina la mke-mwenza. Animation iliweka jina la Guide. Rumba inaweka jina la tajiri aliyetoa dola, ndiyo mabanga. Gari ya matangazo ikaweka bidhaa. Wimbo wa kwetu siku zote una tundu la jina. Anayemiliki wimbo ni yule anayeamua nani aingie pale.

#26 Wa Ndola
Nzuri, lakini haitoshi. Mpiga ngoma wa mwami aliyetajwa #4 naye alikuwa anaweka jina la aliyemlisha. Hiyo ni mabanga ya zamani. Ukisema mabanga ni soko, basi ikulu ya mwami ilikuwa soko.

#27 Bunkeya Moja
Hapana bana. Mpiga ngoma angeweza kumwimba mwami vibaya pia, na mwami akakaa akasikiliza. Jaribu hivyo na tajiri wa dola.

#28 Mlubakati
Naongeza kitu cha dini. Ile misa maarufu ya Kiluba, Missa Luba, aliyoitunga Joseph Kiwele wa hapahapa, ilitoka kwenye nyimbo za kijiji, ikaingia kanisani, ikaingia kwenye santuri za Ulaya.

#29 Mwalimu Mstaafu
Ndugu Mlubakati, usahihisho mdogo. Missa Luba ni ya Kamina, kazi ya padri Guido Haazen pamoja na kwaya yake, Troubadours du Roi Baudouin, na mwaka 1958 walizunguka nayo Ulaya, hata kwenye maonyesho ya Brussels. Kiwele ni mwingine: alikuwa na misa yake ya Katanga, na ndiye aliyetunga wimbo wa taifa wa Katanga wa 1960. Wanachanganywa kila siku.

Lakini hoja yako inasimama. Kyrie ya Kamina imefuata mtindo wa kasala, wimbo wa Baluba wa kuomboleza. Waimbaji walibuni sauti zao wakiimba, kisha kwenye santuri jina kubwa likawa la padri. Hapo Mama wa Vilio atanielewa.

#30 Mlubakati
Asante kwa kunirekebisha, mwalimu.

#31 Ex-Mbujimayi
Na mutuashi je? Tshala Muana aliichukua ngoma ya Baluba wa Kasai, akaipeleka Abidjan, Paris, dunia nzima, na magitaa ya umeme. Mtoto wa Kananga kweli.

#32 Mtoto wa Kenya (komini, si nchi)
Alizaliwa hapa. Elisabethville, 1958. Usituibie.

#33 Ex-Mbujimayi
Kumbe! Basi hoja yangu imepata nguvu. Mimi pia nimezaliwa hapa, tukaondoka na treni wakati ule wa 1992, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, nikiwa na miaka tisa. Mbuji-Mayi tulipofika, watoto wa pale walicheka namna tunavyocheza mutuashi. Walisema tunacheza kama kwenye kaseti. Walikuwa sahihi, mama alitufundisha sebuleni kwa kaseti ya Tshala Muana, kwa sababu yeye mwenyewe alizaliwa kambini Lubumbashi na bibi yake alikuwa ameshafariki. Kaseti ya dukani ndiyo ilikuwa bibi yetu. Alipofariki Tshala Muana, Desemba 2022, mama aliweka ile kaseti, akacheza peke yake, mimi nikiwa mlangoni. Mtu aje aniambie ile ilikuwa ngoma ya biashara.

#34 Shangazi wa Kamalondo
Hakuna atakayekuambia. Narudisha neno langu la #3, pesa si mpaka peke yake. Lakini bado ipo.

#35 Otieno wa Kisumu
Na UNESCO wameingiza rumba ya Kongo kwenye urithi mwaka 2021, zote mbili, Kinshasa na Brazzaville. Rumba! Iliyokuzwa na baa na kampuni za santuri. Sasa ni urithi sawa na ngoma za msituni.

#36 Ngitare Kavu
Na gitaa kavu la Katanga halimo, ingawa nalo lilisikika mpaka kwenu. Hiyo inaniuma kidogo, nakiri.

#37 Bana Pipa
Jambo bakubwa. Mimi ni mmoja wa wale vijana wa karindula aliowataja mwenye uzi (#1). Tulionyeshwa huu uzi na shemeji.

Niseme kwa upande wetu. Mwaka 2011 zilitoka rekodi za karindula za hapa kupitia Crammed Discs wa Ubelgiji, na vikundi vya wakubwa zetu vikajulikana nje. Tangu hapo wageni wakija wanataka tupige "kama zamani". Zamani ipi? Karindula ni pipa la mafuta. Mtu hawezi kuwa na pipa kabla ya wazungu kuleta mafuta. Tunalifunika ngozi ya mbuzi, tunaweka shingo ya ubao, nyuzi nne, kwetu za waya wa breki. Asubuhi ya kazi ngozi inalegea kwa umande, tunaichoma kidogo kwa moto wa karatasi, ukizidisha inapasuka na mbuzi mwingine ni pesa. Kwenye ndoa ile ya Katuba tuliichoma mara tatu, mwenye uzi anaweza kushuhudia.

Wageni wakituuliza ni muziki wa kabila gani, tunawaambia wa mtaa. Wanasikitika. Wengine wametuomba tuvue jeans. Tumekataa, si kwa jeuri: baba zetu walipiga wamevaa suruali za kazi za mgodi. Tukivaa majani tutakuwa tunawadanganya wao na baba zetu.

Pesa tunachukua. Ile ya kwenye paji la uso inatuambia tumepiga vizuri, na yule mama asipokuja kubandika tunajua wimbo haujafika, tunabadilisha. Huyo mama ndiye anayetuongoza kuliko mkurugenzi yeyote.

#38 Fundi Sauti
@Bana Pipa, "wimbo haujafika". Kwenye studio hakuna mtu wa kunionyesha hilo. Njooni Kampemba, tutarekodi nje, uani, na mama zenu wawepo. Sitakata dakika.

#39 Bana Pipa
Tutakuja. Lakini jirani yako ana jenereta?

#40 Fundi Sauti
Anayo. Nitamwomba azime.

#41 Mnyamwezi wa Tabora
Uzi mtamu huu. Mwenye uzi, yule mzee wa munkoyo amesemaje?

#42 Mtoto wa Katuba
Nimetoka kwake jana. Nilimsomea machapisho yenu kwenye simu, karibu yote. Kwenye #22 aliniambia nirudie. Kwenye #14 alisema babu wa huyo ni mwongo, sinema walikuwa wanaonyeshwa Jumamosi na Jecoke walicheza kabla ya sinema. Mtagombana wenyewe.

Halafu nikamwomba aniimbie ule wimbo wa kwenye ndoa, ulivyo. Akaimba mstari mmoja, akanitazama. Nikamtazama. Akaimba tena mstari uleule. Ndipo nikakumbuka #10: ananingoja niitikie, na sikujua neno hata moja. Shangazi wa Kamalondo, wewe unajua Kiluba, naweza kukutumia rekodi uniandikie kiitikio?

#43 Shangazi wa Kamalondo
Siandiki. Ukiandikiwa utasoma, hutaitikia. Jumapili baada ya misa ya pili, njoo nyumbani, na yule mzee mlete ikiwa miguu inamruhusu.

#44 Ex-Mbujimayi
Shangazi, na mimi niko mjini wiki hii. Naweza kuja na mama?

#45 Shangazi wa Kamalondo
Mlete. Aje na kaseti.

#46 Mtoto wa Katuba
Kamalondo upande gani, Shangazi? Na munkoyo nilete lita ngapi?

#47 Shangazi wa Kamalondo
Nyuma ya soko, uliza kwa fundi viatu. Lita tano, na usinunue ya jana.